Kupandisha Spidi ya Harusi

Kazi ya yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ilikuwa kupika harusi. Wengine walipika sombe na mchele wa harusi. Yeye alipika harusi yenyewe. Alikwenda na kamera, akachukua kila kitu, tangu bibi harusi anasukwa nywele hadi mlevi wa mwisho anapakiwa kwenye boda. Kisha alirudi chumbani kwetu Misiera, akakaa mbele ya kompyuta, akakata, akaunga, akatia muziki, mioyo myekundu inayopaa na majina ya maarusi kwa herufi za dhahabu. Mwisho alibonyeza kitufe kimoja, na kompyuta ikaanza kuchanganya vyote hivyo viwe video moja. Hapo ndipo tuliposema inapika. Kupika kulichukua muda mrefu kuliko ndoa nyingine ninazozijua.

Mimi nilikuwa sekondari, na wakati wa likizo kazi yangu ilikuwa kumsumbua. Alipozima sauti ili akate picha vizuri, niliwasemea wageni. Nilimfanya mchungaji aombe radhi kwa kumaliza nyama. Nilimfanya shangazi wa bwana harusi aulize choo kiko wapi kwa sauti ya kinubi. Zamani yaya alicheka hadi akaegemea ukuta. Likizo ile hakucheka. Alisema tu, "Petit, nyamaza," kama mtu anayefukuza nzi ambaye amekwisha kumzoea.

Alikuwa amechoka. Sote tulikuwa tumechoka, lakini uchovu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, hautoki kwenye jembe peke yake, unatoka kwenye kungoja. Unangoja posho, unangoja mvua, unangoja kuitwa kuhojiwa, unangoja majina yabandikwe. Mtu anaweza kukaa kutwa nzima bila kuinua hata kikombe, na jioni mgongo unamuuma.

Sasa lazima nieleze kuhusu video zetu. Kwetu Wakongomani, katika video ya harusi hakatwi mtu. Wakati wa zawadi wageni wanakuja mbele wakicheza, mmoja mmoja, huyu na beseni kichwani, huyu na godoro, huyu anavuta mbuzi asiyetaka kucheza. Aliyetoa sufuria ana haki sawa na aliyetoa kitanda: lazima aonekane, yeye na sufuria yake, mpaka wimbo wake uishe. Kuna baba mmoja alikuja kusimama mlangoni kwetu asubuhi nzima kwa sababu beseni lake lilionekana na kichwa chake hakikuonekana. Kwa hiyo harusi moja ilikuwa na saa nyingi, na kila saa ilikuwa na mioyo yake ya kupaa, na mioyo ndiyo iliyoiua kompyuta.

Kuran, yaani umeme, tuliipata kwa jirani mwenye chumba cha sinema. Injini yake ilitulisha sisi na kinyozi wa ng'ambo. Aliiwasha asubuhi jua likishapanda, na magharibi aliizima ipumzike kabla ya mpira. Ukiwa unapika na injini ikazimwa, hakuna kiporo: kilichopikwa chote kimemwagika. Harusi ndefu yaya aliigawa sehemu mbili, nusu leo, nusu kesho.

Halafu mama mmoja akaja kutuambia kesho yake haipo.

Alikuwa mama wa bibi harusi ambaye harusi yake yaya alikuwa bado anaikata. Jina la mama na la watoto wake wadogo lilikuwa limebandikwa Base Camp, penye ofisi za kambi: wanasafiri kwenda Marekani. Jina la binti halikuwemo. Mtu akiolewa anatoka kwenye faili la mzazi, na faili la mume wake lilikuwa bado limelala ofisini. Alhamisi, kabla ya giza, wasafiri wote walitakiwa wawe ndani ya uzio wa kungojea basi. Yaya alihesabu kichwani: kukata kungekwisha Jumatano usiku. Ingebaki siku moja ya injini kwa harusi ya siku mbili.

"Mama, nitakutumia nyuma," yaya akasema. "Kwa intaneti."

"Hapana, mwanangu." Mama alikaa kwenye benchi bila kuambiwa. "Kule niko na dada zangu batatu. Banasema nimetupa mutoto. Banasema namuacha ku camp sawa vile munaachaka kiti yenye kuvunjika. Nikifika, kabla sijavua ata viatu, bataniuliza: umemuacha na nani? Nataka nibaonyeshe. Baone batu bale balimupokea. Mukono yangu iwe na kintu."

Yaya alinitazama mimi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi alipotafuta msaada.

Kesho yake nilikuwa mjini Mbarara, kwenye duka la mfanyabiashara aliyetuuzia kompyuta. Ni mzee Mwislamu, duka lake liko nyuma ya soko, maboksi ya kompyuta kuukuu yamepangwa kama matofali hadi darini. Mbele yangu alikuwepo askari wa kambi ya jeshi, amevaa shati la maua na buti za kazi, anangoja kompyuta yake ya kuchezea gemu itengenezwe.

"Mzee," nikasema, "tunataka kadi ya picha yenye nguvu kuliko yetu." Kadi ya picha ni ule ubao wenye feni ndani ya boksi, unaochora kila kinachoonekana kwenye skrini, na kwa video za yaya ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya kupika.

"Kadi iko," mzee akasema. "Lakini ile boksi yenu ni dogo, haitaweza kulisha kadi kubwa. Mimi nitauzia wewe boksi yote."

Askari akageuka. "Kijana, kadi yenu feni yake inazunguka?"

"Inazunguka, afande. Inalia kama mbuzi."

"Kama inalia, iko nzima. Usinunue kitu. Pandisha spidi."

"Inapandishwaje?"

"Kiwanda inaipatia spidi ya kutembea, sababu wanajua watu ni wajinga. Lakini inaweza kukimbia kidogo. Kidogo, ssebo! Si kama wewe unakimbia shule." Alichukua flashi yangu, akanitilia programu. "Unasukuma hatua moja, unajaribu. Inakaa sawa? Unasukuma ingine. Ikianza kuleta rangi-rangi kama disko, unarudi nyuma hatua mbili, unakaa hapo. Volti usiguse. Ukigusa volti, mimi na wewe hatujuani. Na angalia joto, iko namba pale kwa kona. Ikikaribia themanini, piga breki. Toa vumbi, fungua boksi ipumue. Joto ndiyo adui."

"Wallahi, afande," mzee akalalamika, "unanifukuzia kastoma ndani ya duka yangu!"

"Mimi nasaidia mkimbizi, mzee. Wewe unamuuzia matofali."

Nilirudi Misiera nikiyakariri maneno yale, jambo ambalo sijawahi kulifanyia somo lolote la shuleni. Nilifungua boksi. Ndani mlikuwa na vumbi jekundu la kutosha kupanda mihogo, na mende aliyekufa kwa amani. Nilipuliza, nikafuta kwa brashi ya rangi, nikauacha ubavu wa boksi wazi. Kisha nikaanza kusukuma.

Ambacho afande hakuniambia ni kwamba kupandisha spidi ni kungoja kwingine tu. Unasukuma hatua moja. Unawasha picha ya kujaribia, duara lenye manyoya linalozunguka. Unakaa unalitazama. Halifanyi kitu. Huo ndio ushindi wenyewe: kutofanya kitu. Unasukuma tena, unakaa tena.

Yaya alikuwa anangoja kiti chake. "Njo kazi gani hii? Unaangalia kintu inazunguka?"

"Niko nafanya testi."

"Ata mbuzi ku kamba anazunguka, na anatumikaka bila kuran."

Hatua kadhaa baadaye, manyoya ya duara yaliota madoa ya kijani. Nilitaka kusukuma tena nione mwisho wake. Ni tabia yangu, ndiyo maana nina kovu kwenye kidevu. Lakini nilimwona yaya amekaa kitandani, viganja machoni, nikarudi nyuma hatua mbili kama nilivyoagizwa. Namba ya joto ilikaa chini ya themanini. Tulijaribu kwa kipande cha harusi, tukapiga hesabu. Ikienda hivyo, harusi nzima ingeiva kabla ya magharibi. Kidogo kabla.

"Kidogo inatosha," yaya akasema, akarudi kukata. Usiku aliendelea kwa betri ya jirani, mimi nikalala.

Alhamisi jirani alivuta kamba ya injini, nasi tukabonyeza. Mama akaja muda huohuo na valizi yake, sanduku la safari. Nyumba alikuwa amekwisha kumwachia mtu mwingine. Binti alikuwa amebaki kwa wakwe, anawaogesha wadogo zake kwa ajili ya safari, na mama alisema ni afadhali, kwani wakikaa pamoja wanalia tu, kazi haiendi. Akakaa kwenye benchi. Kwenye skrini wageni walisogea kidogo kidogo, picha baada ya picha, maana kompyuta inapopika inakuonyesha ilipofika.

Mama aliutazama ubavu wa boksi, nyaya zote nje. "Iko namna ile, wazi?"

"Inapumua, mama," nikamwambia.

"Inapumua," akarudia, kama ndugu wa mgonjwa.

Kulipofika mchana kazi ilikuwa imekwenda vizuri hata tukaanza kuogopa. Yaya aliweka kichwa mezani, usingizi ukambeba palepale. Jirani akanituma nikamletee dumu la petroli barabarani, bila hivyo injini ingezimika. Nilikwenda. Lori moja lilinipita likielekea Base Camp, likaacha vumbi ambalo ungeweza kulikata kwa kisu.

Niliporudi nilikuta kompyuta imevaa.

Ilikuwa imevishwa kitambaa cheupe cha kroshia, pindo lake maua ya njano, kikubwa cha kufunika meza ya watu wanane. Kilikunjwa mara mbili, kikateremka hadi sakafuni, pembe zimefungwa vizuri nyuma ili upepo usikifunue. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio inavaa, viti vinavaa, hata jagi la maji lina kofia yake. Mama alikuwa amekitoa kwenye valizi. Ndani ya kitambaa feni ililia kama mbuzi anayezama. Kwenye skrini uso wa mama mkwe ulikuwa na mistari ya waridi na kijani. Kisha skrini ikawa nyeusi.

"Vumbi ya lori iliingia," mama akanieleza kwa upole. "Nikasema, kintu yenye kubeba mutoto wangu itakaa uchi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi mazuri. Yaya, ambaye sikujua ameamka saa ngapi, alinikanyaga mguu kwa kisigino.

"Aksanti sana, mama," akasema. "Ni kizuri."

"Nilikifuma ya dada yangu mukubwa. Sasa ni yenu."

Basi tukawa tumekwama. Kitambaa kilichotolewa zawadi hakivuliwi mbele ya aliyekitoa, labda uwe umelelewa na nyani. Tulisimama tukitabasamu huku kadi inachemka. Nilisikia harufu ya plastiki.

"Mama," yaya akasema, "wacha tukitie ku skrini. Skrini njo uso yake. Uso njo batu banaangaliaka."

Mama akafikiri, akakubali kwamba ni kweli. Tulikifungua haraka kwa adabu, tukakitundika juu ya skrini, kikaning'inia nyuma kama shela.

"Na kazi?" mama akauliza. "Mbona kumekuwa nyeusi?"

"Kuran imekatika kidogo."

Mama aliangalia ng'ambo. Taa ya kinyozi ilikuwa inawaka, mashine yake inanguruma juu ya kichwa cha mteja. Alikunja mikono yake mapajani, akaitazama hiyo mikono.

Niligusa kadi, nikarudisha kidole haraka. Tulizima, tukapepea kwa kifuniko cha ndoo, tukangoja. Ilipowaka tena sikuamini, nikairudisha kwenye spidi yake ya kiwandani kabla ya jambo lolote.

"Juu ya nini unairudisha nyuma?" yaya akaninong'oneza. "Saa zimeisha!"

"Imechoka, yaya. Tukiikimbiza tena itakufa, tutakosa yote."

"Ata mie nimechoka. Nani alinirudisha ku kiwanda?"

Nilitaka kucheka, nikaona hakufanya mzaha. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Alifuta uso kwa mkono wa nguo, akamgeukia mama, akamwambia ukweli ule aliouweza: harusi nzima haitaiva leo. Itaiva kipande. Kipande kifupi. Mama achague.

Nilitegemea kilio. Mama alisogeza benchi karibu na skrini.

"Anzisha," akasema.

Yaya akaanza kumpitishia, na mama akaanza kukata watu. Sijawahi kuona kitu kama kile. "Ule wa beseni, toa. Balongo, bale bandugu ba ku camp ya Oruchinga, toa, batanisamehe. Ule wa mbuzi yenye kuchechemea, toa. Mbuzi iko muzuri, lakini toa tu."

"Mchungaji, mama?"

"Toa. Aliombea chakula kuliko batoto."

Nilicheka kwa sauti, naye akanitazama kidogo, pembe ya mdomo ikapanda. "Unacheka, weye? Kule dada zangu habatacheka. Pasta ana dakika arobaini."

Kisha ikaja sehemu yake mwenyewe. Amesimama na kipaza sauti mkono mmoja, mkono mwingine juu ya bega la binti, anaongea, anasita, anaongea.

"Toa."

"Mama," yaya akasema, "ni weye."

"Mie ninajiona kila siku. Na dada zangu bananijua. Toa."

Kilichobaki ni wakwe. Mama mkwe anamshika binti mkono, anamkalisha kwenye mkeka mpya, anamlisha kwa vidole vyake mwenyewe, anamfuta mdomo. Baba mkwe, mzee mfupi mwenye koti refu, anachukua kipaza sauti. Yaya akapandisha sauti tumsikie. "Hapa mu camp kila mutu ni mukimbizi," mzee akasema kwenye skrini. "Lakini mu nyumba yangu huyu si mukimbizi."

"Hiyo," mama akasema. "Hiyo njo yangu. Tena mutie ile mioyo. Mingi. Baone ilikuwa mariage ya kweli."

Tukatia mioyo, tukabonyeza. Kadi ilikwenda kwa mwendo wake wa kuzaliwa. Nilikaa mbele ya ubavu ulio wazi, nimetanua magoti pande mbili za boksi, ili yeyote mwenye huruma apitie juu ya maiti yangu. Namba ya joto haikupanda. Jua lilishuka kwenye bati la kinyozi. Jirani alikuja mlangoni na kitambaa cha mafuta mkononi.

"Ninazima."

"Baba, kidogo tu," yaya akasema.

"Kila siku ni kidogo. Injini yangu iko na roho."

Mama akasimama. Alimwambia jirani, bila haraka, kwamba yeye ndiye anayeondoka, na hicho ndicho anachokingojea. Jirani alimtazama, akatazama valizi, akaenda kukaa kwenye mawe nje na kuanza kusafisha plagi ambayo ilikuwa safi.

Ilipokwisha, yaya aliinakili kwenye flashi, akaichezesha mwanzo na mwisho ili mama aone. Mama aliifunga flashi kwenye pembe ya kitenge, fundo mara mbili, akaipachika kiunoni. Nilimbebea valizi hadi uzio wa Base Camp. Mlangoni askari alisoma karatasi yake, akamwonyesha pa kupita. Binti na watoto walikuwa wamekwisha kufika, wamesimama upande wetu wa uzio. Niliiweka valizi chini, nikaondoka. Mambo mengine si ya kuangaliwa.

Asubuhi iliyofuata mabasi yaliondoka. Jua lilipopanda, jirani alivuta kamba ya injini, na bibi harusi akaingia chumbani kwetu, macho yamevimba, sketi ina vumbi la barabara. Alikaa kwenye benchi.

"Video yangu iko wapi?"

"Bado haijaiva," yaya akasema. "Mama alibeba kipande tu."

"Muipike. Yote. Musikate mutu."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye programu ya afande. Yaya akautoa. "Acha. Haraka iko wapi sasa? Leo nusu, kesho nusu."

Tukabonyeza. Mioyo ikaanza kujivuta. Bibi harusi hakutuuliza itachukua muda gani, wala hakuondoka. Wageni wakapita mmoja mmoja, beseni, godoro, mbuzi wa kuchechemea. Mchana ukafika, kisha ukapita. Halafu mama yake akaonekana na kipaza sauti, bila sauti, picha moja, kisha nyingine, mdomo unafunguka polepole kama mtu anayetafuta neno chini ya maji.

Yaya alinyanyuka anyooshe mgongo. Mimi nilitaka kutoka nje. Binti alisogeza benchi mbele, magoti yakagusa meza. Kwenye skrini mama aliinua mkono kutoka kwenye bega la binti, akaupeleka shavuni kwa mwanawe, na kwa spidi ile mkono ulichukua muda mrefu sana kufika.